Udongo Uliotangulia: Kwa Miguu Kutoka Kawangware Hadi Kisumu Ndogo

Tangu nirudi Kitui, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za safari ile, na kila mmoja amesikia lake. Kuna aliyesikia nilifungwa. Kuna aliyesikia nilibomoa nyumba ya mtu. Nimeona afadhali niiandike mara moja, jinsi ilivyokuwa, mpeane msome.

Kwa anayetembea asipige hadithi, kutoka Kawangware hadi Kibera ni mwendo wa asubuhi moja. Mimi na Ouma ulituchukua karibu wiki. Ouma nilisoma naye jiolojia chuoni. Alizaliwa na kukulia Kisumu Ndogo, upande wa Kibera. Tulikuwa tumepewa kazi ya kufuata kijito kinachoteremka kutoka machimbo ya mawe ya Kawangware, tutazame miamba njiani na kueleza upi ni mkubwa kwa upi. Mwalimu wetu alitukataza kabisa kutaja miaka. Alisema mgeni mwenye macho akiingia nyumbani atamtambua kifungua mimba na kitinda mimba bila kuuliza nani alizaliwa lini. Tufanye vivyo hivyo na mawe.

Machimboni, Kawangware

Nililala kwa shangazi yangu, na asubuhi tulikunywa chai na mandazi kwenye kibanda kilichokuwa ukingoni mwa machimbo. Hapo ndipo safari iliposimama kabla haijaanza. Msimamizi wa machimbo, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, alikuja akaketi kwenye benchi letu bila kukaribishwa.

"Nyinyi mmetumwa na kanjo?" aliuliza.

Nilimwambia hatutoki kwa baraza la jiji. Sisi ni wanafunzi, tunataka kujua umri wa mawe. Wachongaji waliokuwa wakinywa chai wakacheka.

"Mkishajua umri wake, mtafanya nini nao?"

"Tutaandika."

"Mtaandika mpelekee nani?"

Nilichelewa kujibu, na kuchelewa huko kulitugharimu siku nzima. Msimamizi alisema hatuingii mpaka mwenye machimbo aje, na mwenye machimbo hakuja. Tulikaa pale kwenye benchi, tukala githeri ya saa saba, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tukatazama mawe yakipakiwa kwenye lori. Kila nilipoinuka kunyoosha miguu, mtu fulani aliinuka pia.

Kesho yake alituruhusu, lakini akasimama nyuma yetu muda wote. Ukuta wa machimbo ulikuwa umejipanga vizuri. Chini kabisa palikuwa na udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Juu yake lava nyeusi. Juu ya lava, lile jiwe la kijivu la majivu ya volkano ambalo nusu ya Nairobi imejengwa nalo. Kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza, na hushika mpaka uone dalili kwamba kitu kimepinduliwa. Udongo ule ulikuwa umeungua upande wake wa juu tu, pale ulipogusana na lava. Maana yake ulikuwapo pale lava ilipofika ikiwa moto. Na ndani ya jiwe la kijivu mlikuwa na vipande vya lava nyeusi, kama maharagwe ndani ya githeri. Maharagwe hayawezi kuwa yalivunwa baada ya githeri kuiva.

Nilimweleza msimamizi haya yote, nikidhani yatamtuliza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo unajua mawe mazuri yanapoishia," akasema. "Sasa nenda."

Kijitoni

Chini ya machimbo kijito kinapita kati ya mashamba madogo ya sukuma wiki, na kila shamba lina mwenyewe, na mwenyewe hana karatasi. Hilo nililielewa baadaye. Wakati ule nilichoona ni lava iliyopasuka, na ndani ya ufa mmejaa madini meupe yaliyopanda moja kwa moja hadi chini ya jiwe la kijivu yakakomea hapo. Nilifurahi sana. Ufa hauwezi kukata kitu ambacho hakijakuwapo. Kwa hiyo ufa ni mdogo kwa lava. Na kwa kuwa jiwe la kijivu limelala juu yake bila kukatwa, ufa ni mkubwa kwa jiwe la kijivu. Ouma akatoa futi ya kupimia.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimwagilia sukuma aliweka debe chini, akaja na panga mkononi. Hakuliinua. Alilishika tu kama mtu aliyesahau kuliweka.

"Mnapima barabara?"

"Hapana mama, tunapima ufa kwenye jiwe," Ouma alisema.

"Ufa una kilomita ngapi hata unataka futi?"

Alinyoosha mkono, Ouma akampa ile futi. Akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa aproni, akatuambia sasa tunaweza kuendelea kutazama mawe yetu kwa macho. Tuliendelea kwa kutumia uzi.

Ni baada ya hapo nilipomwona mtu wa koti la kahawia. Jua lilikuwa kali na yeye amevaa koti zito. Tuliposimama, alisimama akafunga kamba za viatu. Tulipoondoka, aliondoka. Miaka hii ya tisini sote tunajua watu wanaotembea hivyo ni akina nani, au tunadhani tunajua. Nilimwambia Ouma kwa sauti ya chini kwamba tunafuatwa na askari kanzu. Ouma alisema nisigeuke. Nikajiuliza mbona yeye hashtuki.

Kianda

Tulipofika Kianda, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, mtu wa koti hakuwa tena nyuma yetu. Alikuwa mbele, amesimama kwenye njia pamoja na vijana wanne.

"Niaje," mmoja wa vijana alisema, huku akinyoosha mkono kuchukua mkoba wangu. Walichukua nyundo na dira, wakatuingiza kwenye kanisa la mabati lililokuwa tupu. Mtu wa koti aliketi kwenye kiti cha mchungaji. Alizungumza na Ouma kwa Kijaluo muda mrefu, na Ouma akajibu akitazama sakafu. Mimi ni Mkamba. Sikuelewa hata neno moja, ila nilisikia jina langu, Ndunge, likitajwa zaidi ya mara moja. Nikaanza kumshuku rafiki yangu.

Hatimaye mtu yule akanigeukia kwa Kiswahili. Alijitambulisha kuwa Okello, kiongozi wa wapangaji wa Kisumu Ndogo.

"Waliokuja mara ya kwanza walikuwa na vitu kama hivi vyako," akasema akiipima nyundo mkononi. "Walikuwa na adabu pia. Tuliwapa chai. Baadaye tukaona tingatinga. Nyumba yangu ilienda na kitanda ndani. Kwa hivyo nieleze hiyo elimu yako, na unieleze polepole."

Ukuta wa kanisa ulikuwa wa udongo kwa ndani, umebandikwa magazeti. Nilisimama nikamwonyesha gazeti la juu, na pembeni, lilikochubuka, gazeti jingine chini yake. Nikamuuliza lipi lilibandikwa kwanza. Alinitazama kama ninayemdharau, kisha akajibu, la chini. Nikamwonyesha mahali ukuta ulipopasuka, na magazeti yote mawili yamepasuka pamoja nao. Ufa na magazeti, kipi kilitangulia? Akasogea, akapitisha ukucha kwenye ufa.

"Magazeti," akasema. "Lakini hapa kwenye kona kuna gazeti limepita juu ya ufa na halijapasuka."

"Basi hilo lilibandikwa baada ya ufa. Kazi yetu ni hiyo tu, ila kwa mawe."

"Maneno yako yamenyooka," akasema. "Hata ya wale yalinyooka."

Nyundo alibaki nayo. Alituruhusu kwenda kulala kwa Mama Akinyi, mama mdogo wake Ouma, akisema atajua pa kutupata. Njiani nilimwuliza Ouma walizungumza nini. Alisema Okello alitaka kujua kama ananiamini.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba unajua mawe."

Hilo halikuwa jibu la swali, na sote wawili tulijua.

Kisumu Ndogo

Mama Akinyi aliuza omena, dagaa wa ziwani, mbele ya mlango wake, kwenye safu ya vyumba vilivyojipanga juu ya kijito. Chumba chake kilikuwa safi, kuta zimepakwa rangi ya samawati. Alitupikia ugali na omena wa nyanya. Mimi sikuzoea samaki anayeniangalia, nikawa nawasukuma pembeni ya sahani wale wenye vichwa. Mama Akinyi aliona. Alinyoosha mkono, akachota omena kutoka sahani yangu, akala mbele yangu, akanitazama. Nilielewa kwamba alidhani naogopa sumu. Aibu niliyoona sijawahi kuona. Nikala wote, vichwa na macho.

Asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba. Palikuwa na shimo la choo lililoanza kuchimbwa likaachwa nusu, nami nikalichungulia kwa mazoea tu. Sikutoka pale haraka.

Juu palikuwa na tabaka la udongo ulioshindiliwa, gumu, ndilo ambalo wapangaji wote waliliita udongo wa asili kwa sababu mwenye nyumba aliwaambia hivyo. Chini yake udongo ulikuwa mchanganyiko, laini, umelala kimteremko kuelekea kijitoni. Udongo unaoletwa taratibu na maji hulala sawasawa. Unaomwagwa kutoka juu ya ukingo hulala hivi, kwa kuinama. Ndani yake mlikuwa na vibanzi vya lile jiwe la kijivu la machimboni, vyenye alama za patasi. Na chini kabisa, udongo mweusi wenye mizizi ya nyasi zilizokufa. Ule mweusi ndio ulikuwa ardhi. Ulishuka kwa kasi kuelekea majini. Mtu alikuwa amejaza korongo kwa takataka za machimbo, akashindilia juu, akapanga vyumba.

Nilimwita Ouma. Alitazama, akaona nilichoona. Naye alisoma nilichosoma mimi. Kisha akanishika mkono.

"Nyamaza," akasema. "Ukisema hapa hapafai kukaa, unajua nani atafurahi? Mwenye kutaka kuwahamisha. Atachukua maneno yako, alete tingatinga, aseme msomi amesema. Na mimi ndiye niliyekuleta."

Hakuwa mjinga, na hakuwa mwoga. Nilizunguka na jambo hilo asubuhi yote. Nikisema, naweza kuwa mkono wa mtu nisiyemjua. Nisiposema, mvua ilikuwa imekwisha kuanza kujikusanya upande wa Ngong, na nilikuwa nimekula chakula cha mwanamke anayelala juu ya udongo ule. Niliporudi mlangoni nilimkuta Okello ameketi na Mama Akinyi, koti lake limekunjwa magotini. Nikawaambia wote wawili.

Mama Akinyi aliendelea kuchagua omena, akitupa mchanga pembeni.

"Na nikihama," akauliza, "nani anaingia?"

"Sijui, mama."

"Nani amekutuma uniambie hivi?"

"Hakuna."

"Hilo ndilo wanalosema wote."

Shimo la Okello

Okello hakuniamini, na hakusema uongo kwamba ananiamini. Alileta jembe na sepetu, akachagua mahali mwenyewe, mwisho wa pili wa safu, mbali na shimo la choo, ili nisiweze kusema nilipajua. Akachimba, na majirani wakaja kusimama. Kila tabaka lilipobadilika aliniambia nitabiri linalofuata. Nilimwambia chini ya gumu atakuta laini, na laini litainama. Ikawa. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba nilichimba hapo kabla.

Alipofika kifuani alisimama, akaokota kitu, akakifuta kwenye suruali. Ilikuwa kandambili ya mtoto, ya plastiki, rangi ya chungwa. Akachimba tena, akapata kizibo cha soda.

"Soda hii," akasema akikigeuza. "Ilianza kuuzwa Akinyi akiwa darasa la kwanza. Si kweli?"

Mama Akinyi alikichukua, akakitazama, akakubali. Akinyi, bintiye, sasa yuko kidato cha pili.

Kizibo hakiwezi kuingia kwenye udongo kabla hakijatengenezwa. Udongo ambao mwenye nyumba alisema ulikuwapo tangu babu yake ulikuwa mdogo kuliko msichana wa shule. Majirani walikipitisha mkono kwa mkono. Okello alipanda kutoka shimoni, akaenda nyumbani kwake, akarudi na nyundo yangu na dira, akanipa.

Siku ile familia chache zilihamishia vitu vyao kanisani, Mama Akinyi akiwa mmojawapo. Wengine walikaa. Mwanamume mmoja aliniambia usoni kwamba kizibo kinaweza kutiwa mfukoni na mtu yeyote. Sikumlaumu. Jioni vijana wa mwenye nyumba walikuja wakayafukia mashimo yote mawili, lile la choo na lile la Okello, bila kumuuliza mtu.

Mvua

Ilinyesha mchana, siku mbili baadaye, tukiwa kanisani tunakunywa chai ya rangi. Haikuwa mvua kubwa kuliko nyingine. Tulisikia mabati yakilia kwa namna isiyokuwa ya matone, tukatoka mbio. Safu ile ilikuwa imeketi chini upande wa kijito, kama ng'ombe anayepiga magoti. Chumba cha mwisho kililala ubavu na mlango wake haukufunguka. Yule mwanamume wa kizibo alikuwa ndani. Okello na vijana walipanda wakang'oa bati la paa, wakamvuta kwa mikono. Alikuwa amevunjika mkono. Hakuna aliyekufa, na hilo nalishukuru hadi leo.

Asubuhi iliyofuata alikuja mtu wa kukusanya kodi wa mwenye nyumba, pamoja na askari wawili. Alikuwa kijana nadhifu, mpole wa sauti.

"Nyumba hizi zilikuwa imara," aliwaambia askari. "Hawa walikuja, wakachimba mashimo, ukuta ukapasuka. Huyu msichana na huyu mzee," akatuonyesha mimi na Okello. "Kila mtu aliwaona."

Kila mtu alituona kweli. Nikawaona baadhi ya majirani wakitazama pembeni. Askari mmoja alinishika begani. Nilimwomba jambo moja tu, aingie chumbani kwa Mama Akinyi aone ukuta kabla hatujaondoka. Chumba hicho kilikuwa kimeinama lakini bado kimesimama. Aliingia shingo upande.

Ufa ulianzia sakafuni ukapanda hadi kwenye boriti. Nikauleta uso wangu karibu. Sehemu ya juu ilikuwa mpya, kingo zake kali, udongo mbichi ndani. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini, rangi ya samawati haikuishia kwenye kingo za ufa. Ilikuwa imeingia ndani yake, imetiririka na kukauka humo, hadi kina cha kidole.

"Afande," nikasema, "rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haujakuwapo. Ufa huu ulikuwapo siku ukuta ulipopakwa. Jana umeongezeka tu."

Aliingiza kidole. Akakitoa, akatazama.

"Ulipakwa lini?"

"Kabla ya Krismasi," Mama Akinyi alijibu kutoka mlangoni. "Nilipaka mwenyewe. Nilimwonyesha huyu ule ufa," akamwelekezea kidole mkusanya kodi, "akaniambia ni mistari ya brashi ya rangi, nipake mara ya pili."

Shimo la Okello lilikuwa na siku tatu. Ufa ulikuwa na miezi. Hakukuwa na hesabu nyingine ya kufanya. Askari alinitoa mkono begani, akasema kesi kama hii ni ya kuzungumza na mwenye nyumba mwenyewe, wakaondoka naye, wakimtanguliza mbele. Mwenye nyumba sikumwona kamwe, wala sijasikia kwamba mtu yeyote alimwona.

Kianda tena, kisha nyumbani

Siku ya kuondoka tulimsindikiza Mama Akinyi kwenye chumba kipya alichopata Kianda. Ouma alibeba godoro, Okello akabeba meza, mimi sufuria. Nilimwomba Ouma radhi kwa kumshuku, naye akasema hata yeye alinishuku, tangu machimboni, nilipokosa jibu. Tukacheka, lakini si sana.

Mwenye chumba alikuwa mzee mmoja mpole aliyetupokea vizuri. Alisema sakafu ni udongo mtupu lakini ni pakavu, na hapajawahi kutokea shida. Mama Akinyi alimshukuru. Kisha, kabla hatujaingiza hata kiti, aliomba jembe kwa jirani, akapiga magoti kwenye kona ya chumba, akaanza kuchimba.

Mzee alishtuka. "Mama, unazika nini humu?"

Aliendelea kuchimba. Mzee akatoka akaita watu, nao wakajaa mlangoni wakinong'ona habari za uchawi, wengine wakitaka afukuzwe. Okello alisimama mbele yao na koti lake akawazuia. Mama Akinyi alichimba mpaka mkono wake ukazama hadi kiwikoni, akachota udongo, akauleta kwenye mwanga. Ulikuwa mweusi, na umejaa mizizi ya nyasi. Aliunusa, akanipa nami niunuse, kisha akaufukia ule udongo taratibu, akaushindilia kwa kisigino.

"Leteni kitanda," akasema.